Simu ya Zamani ya Kikundi: Tuiweke au Tununue Nyingine?



Katika ziara zetu vijijini tumeulizwa sana: ile simu ndogo ya vibonyezo, mulika mwizi, inayobeba laini ya kikundi, tuiuze tununue ya kugusa? Kabla ya kutoa pesa, tupime pande zote mbili.

Faida zake

1. Chaji hukaa siku kadhaa. Pale ambapo mtu hulipa sokoni ili achajiwe simu, hiyo ni akiba.
2. M-Pesa inafanya kazi bila intaneti. Huduma hiyo ilipoanza Machi 2007, wengi waliitumia kwa simu za aina hii hii.
3. Ikianguka haivunjiki upesi, na wezi hawaitamani sana.

Hasara zake

1. Nyingi hazina WhatsApp, kwa hivyo picha za mazao haziwezi kumfikia mnunuzi.
2. Betri huzeeka. Ikivimba, msiichaji tena.
3. Nafasi ya meseji ni ndogo. Hapa ndipo penye shida kubwa.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichotembelea kilikuwa na simu iliyojaa, na meseji mpya za M-Pesa zikakataa kuingia. Mweka hazina akafuta za zamani apate nafasi. Mwisho wa mwaka mama mmoja akasema alishatuma michango ya miezi miwili. Kwa daftari haikuwemo, na meseji zilikuwa zimefutwa. Hakuna aliyeiba, lakini kikundi karibu kivunjike.

Je, simu mpya ingewaokoa? Pengine, lakini nayo huibiwa, na kioo hupasuka. Dawa ni daftari. Kila meseji ya M-Pesa ina nambari yake ya herufi na tarakimu 10. Andikeni nambari hiyo, tarehe, jina na kiasi, kisha mwanachama mwingine atie sahihi. Baada ya hapo ndipo meseji ifutwe.

Maoni yetu ni haya: kama kazi ya simu ni michango tu, na betri bado ni nzima, kaeni nayo. Kama mnatafuta soko mbali, nunueni nyingine, lakini msiguse pesa za mikopo.

Maswali ya kujadili

- Simu yetu ikipotea leo, tutajuaje nani amelipa?
- Daftari letu liliangaliwa lini mara ya mwisho, na nani?