Baruti ya Kiganjani

Ndugu msikilizaji, mtu wa mjini akisikia jina la Ngara hukumbuka wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, na bunduki za vita. Lakini bunduki niliyoonyeshwa Murusagamba, jirani na mpaka wa Burundi, haikuwa ya vita. Lilikuwa gobore. Mwenyewe, mzee mwenye shamba la mihogo, alikuwa na swali: "Mwanangu, nguruwe pori yuko hatua thelathini tu. Mbona namkosa?"

Nikamuuliza, "Mzee, baruti unaipimaje?"

Akakunja kiganja. "Hivi. Kwa macho."

Jibu limo humo. Shabaha si macho ya mlengaji peke yake. Ni usawa: risasi ya leo ilingane na ya jana. Huko Ulaya na Marekani wapo wanamichezo wa kulenga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe. Hupima baruti ya kila ganda kwa mizani ndogo, huchagua vichwa vya risasi vyenye uzito mmoja, na huvikandamiza kwenye ganda kwa kina kilekile. Baruti ikizidi, risasi huongeza kasi na kupiga juu. Ikipungua, hupiga chini.

Jambo la pili ni kipenyo cha risasi, na hapo wengi hukosea. AK-47 hutumia risasi ya milimita 7.62. G3 ya Ujerumani nayo ni 7.62. Lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 39, na la pili 51, lenye baruti nyingi zaidi. Haziingiliani. Anayelenga mbali huchagua lile refu.

La tatu ni mtutu. Ndani ya mtutu wa raifo mna mifereji iliyojipinda. Huizungusha risasi kama pia ya watoto, isiyumbe njiani. Mtutu wa gobore ni laini. Goroli hugongagonga humo, likatoka likielekea linakopenda.

Nikamweleza mzee hayo yote, nikaongeza: "Hata ukinunua mizani, gobore halitakuwa raifo. Na bomba lile halikutengenezwa kuhimili baruti. Kiganja kikizidisha, litapasuka."

Hakujibu. Alinyoosha mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vitatu.

Ndugu msikilizaji, sheria ya silaha ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki bunduki bila leseni, na ni haki. Risasi iliyomkosa nguruwe haijui mpaka wa shamba. Huenda ikamkuta mtoto wa jirani. Lakini sheria peke yake hailindi mihogo. Tunapomwambia mzee yule alisalimishe gobore lake kituo cha polisi, tuwe tayari pia kumjibu: usiku wa leo, nguruwe atafukuzwa na nani?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.