Likembe ya Kinshasa iliyotangulia punk, na endara yetu inayosubiri umeme

Mwaka 1966, New York, kundi la Velvet Underground lilikuwa likirekodi albamu yake ya kwanza, ile ambayo wapenzi wa rock wanaiita mama wa punk: gitaa za kelele zilizopigwa bila kuomba radhi. Mwaka huohuo, Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha Konono N°1.

Mingiedi alikuwa Mzombo, mtu wa mpaka wa Kongo na Angola. Shida yake ilikuwa moja: likembe ya kijijini haisikiki katikati ya makelele ya jiji. Akaitia umeme. Mikro alizitengeneza mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, sauti akaipitisha kwenye vipaza sauti vya pembe, kama vile vya matangazo. Ilitoka ikikwaruza. Aliiacha hivyo, na vyuma chakavu vikawa ngoma.

Rekodi yao ya 1978 ilifika Ulaya. Mbelgiji Vincent Kenis aliisikia, akaenda kuwatafuta. Congotronics, albamu iliyowajulisha kwa ulimwengu, ilitoka 2004 mjini Brussels, miaka 38 baada ya kundi kuanza. Huo ni umri wa mtu mwenye watoto wakubwa! Katika miaka hiyo mambo yalikwenda haraka. The Ex, wanapunk wa Uholanzi, walitoa rekodi yao nyingine. Björk aliwaita kwenye albamu yake ya 2007. Mwaka 2010 wanarock wa nchi mbalimbali walitoa albamu nzima iliyotokana na muziki huo. Mingiedi alifariki 2015.

Sisi wa Butembo na Beni tunayo endara, mbao zinazolazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa pamoja. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wanande tangu 1952. Tangu mauaji ya 2014, familia nyingi za Beni zimekimbia vijiji na kuingia mjini, na masikio yao ni ya kijijini, kama ya Wazombo wa Kinshasa. Kumngoja Kenis mwingine miaka 38 ni kupoteza wazee wanaojua kupiga.

Kwa mafundi wetu wa redio: sumaku ya Mingiedi haitafaa hapa, kwa sababu inasikia chuma, si mbao. Tafuteni kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa za kengele na michezo ya watoto. Kikibandikwa chini ya ubao na kuunganishwa na amplifaya, kinakuwa mikro.