Rebeca Gyumi na ndoa ya miaka 15

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mvulana alisubiri hadi 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma na mwanzilishi wa Msichana Initiative, aliipinga Mahakama Kuu mwaka 2016, akashinda. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 ikashindwa tena, ikapewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukaisha bila marekebisho.

Kwa mzazi, jambo hili liko karibu zaidi ya mahakama. Nyonga za binti wa umri huo mara nyingi hazijakomaa. Uchungu ukichukua muda mrefu, anaweza kupata fistula. Na ridhaa yenyewe? Sheria iliitaka kwa baba. Mama aliulizwa baba akiwa amefariki.