Kuruka na Kutua: Namna ya Kulinda Goti la Mchezaji wa Netiboli

Katika viwanja vya shule za Karagwe na Kyerwa, mchezaji wa netiboli hushangiliwa anaporuka. Ni wachache wanaotazama namna anavyotua. Hata hivyo, majeraha mengi makubwa ya goti hutokea wakati wa kutua.

Kanuni za mchezo zenyewe huongeza mzigo huo. Mchezaji aliyedaka mpira hewani haruhusiwi kukimbia nao. Hulazimika kusimama ghafla na kuutoa ndani ya sekunde 3. Nguvu inayorudi kutoka ardhini huweza kuzidi uzito wa mwili mara kadhaa. Iwapo goti limenyooka, au limelalia ndani kuelekea goti la pili, kano ya msalaba ya mbele, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, huweza kukatika pasipo mchezaji kugongwa na mtu. Wasichana hupata jeraha hili zaidi kuliko wavulana.

Kutua kwema huanzia sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino. Vifundo, magoti na nyonga hukunjwa kwa pamoja, kiwiliwili huinama kidogo mbele, na kila goti huelekea kwenye vidole vya mguu wake. Ndivyo wafanyavyo hata wanaoruka juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao: miguu iliyokunjika hupokea kishindo, na uzito ukiwa juu ya ubao mchezaji haanguki. Kutua bila kishindo kikubwa ni dalili njema ambayo mwalimu anaweza kuisikia kwa masikio.

Ustadi huu hufundishika. Mazoezi ya kuchuchumaa, kuruka na kutua, na kusimama kwa mguu mmoja, kwa takribani dakika 15 kabla ya mchezo, mara 2 au 3 kwa wiki, hupunguza kwa kiasi kikubwa majeraha ya kano hii.

Mgonjwa aliyesikia mlio ndani ya goti, na goti likavimba ndani ya saa chache, asiendelee kucheza. Apumzike, ainue mguu, aweke kitambaa cha maji baridi na kufunga bandeji, kisha aende kituo cha afya. Asichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto katika siku 2 au 3 za mwanzo.

Mhudumu wa afya aagize picha ya eksirei iwapo mgonjwa hawezi kutembea hatua 4, hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90, au anaumia akibonyezwa kwenye pia ya goti au kichwa cha mfupa mwembamba wa muundi. Picha isiyoonyesha mvunjiko haimaanishi kwamba kano ni nzima; goti lipimwe tena uvimbe unapopungua.

Si kila kano iliyokatika huhitaji upasuaji, lakini kila moja huhitaji mazoezi ya tiba. Maumivu kuisha si kupona: anayerudi uwanjani na goti linalolegea huhatarisha gegedu zake, na gegedu iliyoharibika ni vigumu kurudishwa.