Picha Haijisemei: Aikoni, Taarifa Fiche na Kazi ya Kiswahili, kwa Mfano wa Wilaya za Mbulu na Hanang



1. Utangulizi

Iko dhana iliyoenea kwamba picha haina lugha. Husemwa kuwa maneno hutenganisha watu, bali picha huwaunganisha, na kwamba msomaji wa taifa lolote akiona mchoro mdogo katika kioo cha kompyuta au simu ataelewa anachotakiwa kufanya. Mhadhara huu unakusudia kuipinga dhana hiyo. Nitadai kwamba aikoni ni neno lililovaa sura ya picha. Kwamba asiyefundishwa neno hilo hulisoma kwa makosa. Na kwamba kazi ya kulifundisha kwa Kiswahili ni yetu sisi wanaisimu kabla haijawa ya mafundi.

Nimechagua kuanzia mahali ambapo tatizo limekithiri, yaani michezo ya kompyuta ya mikakati ya angani, kisha nitalileta tatizo hilo katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huenda wengine wakaona mchezo si jambo la mhadhara wa chuo. Lakini fundi hupima kamba kwa kuivuta mpaka karibu na kukatika, na michezo hii huivuta lugha ya picha kwa namna hiyohiyo.

2. Aikoni na nadharia ya ishara

Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, aligawa ishara katika makundi matatu. Kuna taswira, ambayo hufanana na kinachotajwa, kama mchoro wa samaki unavyofanana na samaki. Kuna kielekezi, ambacho hutokana na kinachotajwa, kama moshi unavyotokana na moto. Na kuna ishara ya makubaliano, ambayo haina uhusiano wowote na kitajwa ila mapatano ya watu, kama lilivyo neno “nyumba”. Ferdinand de Saussure naye aliita hali hii ya tatu unasibu wa ishara.

Neno aikoni liliingizwa katika taaluma ya kompyuta na David Canfield Smith katika tasnifu yake ya mwaka 1975, na kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981 ikalipeleka sokoni. Tangu hapo tunaita aikoni vitu ambavyo, kwa vipimo vya Peirce, aghalabu si taswira. Mchoro wa diski humaanisha “hifadhi”, ingawa wanafunzi wengi wa leo hawajawahi kuishika diski. Mraba wenye vitanzi vinne katika baobonye la Macintosh ulichukuliwa na msanifu Susan Kare kutoka alama ya barabarani nchini Sweden inayoonyesha mahali pa kutembelea. Anayeubonyeza leo hahitaji kuijua Sweden; anahitaji kuambiwa kazi yake. Kufanana kumekwisha, yamebaki makubaliano.

Hata katika bao letu la Kiswahili ndivyo ilivyo. Shimo linaloitwa nyumba mara nyingi huchongwa mraba ili litofautiane na mengine. Lakini umbo hilo halimwambii mgeni kwamba nyumba huanza na kete 6, wala kwamba ina kanuni zake za kulala na kusafiri. Hayo hufundishwa kwa mdomo, na mwalimu na mwanafunzi wakiwa wameketi pamoja.

3. Aina tatu za ufiche

Michezo ya mikakati ya angani humpa mchezaji dola inayoenea katika nyota nyingi. Mwaka 1993 mwandishi Alan Emrich, akiueleza mchezo wa Master of Orion, alifupisha kazi za mchezaji katika mambo manne: kuchunguza, kupanuka, kuchuma na kuangamiza. Katika mchezo huo kila sayari ina vipimo vitano vya kusogeza, yaani vya meli, ulinzi, viwanda, mazingira na utafiti. Mchezaji asiyejua kusoma neno fupi lililo kando ya kipimo cha mazingira hujaza uchafu katika sayari yake, na idadi ya watu ikaanza kupungua asijue kwa nini. Katika Stellaris, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox ya Sweden, juu ya kioo kuna safu nzima ya michoro midogo: umeme wa njano ni nishati, jiwe jekundu ni madini, na mingine mingi. Maelezo yake hujitokeza tu pale mchezaji anapoweka kielekezi cha kipanya juu ya mchoro na kungoja.

Kutokana na mifano hii napendekeza tutofautishe aina tatu za ufiche.

Ya kwanza ni ufiche wa kanuni. Jeshi la adui haliko mbele ya macho yako kwa sababu mchezo umetaka hivyo. Ufiche huu ni wa haki, na ndio utamu wa mchezo. Bao halina ufiche wa namna hii: kete zote 64 zi wazi au mikononi, na kinachofichika ni kina cha hesabu ya mwenzako.

Ya pili ni ufiche wa usanifu. Taarifa ipo, na mchezaji anastahili kuipata, lakini imewekwa nyuma ya mchoro usiojieleza au ndani ya dirisha la tatu. Hapa aliyeshindwa hakushindwa na adui, ameshindwa na karatasi ya maelekezo isiyoandikwa.

Ya tatu ni ufiche wa lugha. Taarifa imeandikwa waziwazi, ila kwa lugha asiyoimudu msomaji. Stellaris hutolewa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kirusi, Kichina na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kwa mchezaji wa Katesh, basi, ufiche wa pili na wa tatu hukutana: mchoro haueleweki, na maelezo yanayopaswa kuufafanua hayaeleweki vilevile.

Atatokea mtu aseme kwamba vijana hujifunza kwa kujaribu, na kwamba kugundua ni sehemu ya raha. Ni kweli, lakini katika mchezo anayekosea huanza upya. Anayekosea aikoni katika simu anapotuma ada ya mtoto hana pa kuanzia upya. Kwa hiyo mchezo ni mahali salama pa kulichunguza tatizo ambalo kwingineko lina gharama.

4. Mbulu na Hanang

Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002 kutoka Arusha. Wilaya zake za Mbulu na Hanang zina sifa adimu kiisimu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga, kinachosemwa na Wabarbaig wa chini ya mlima Hanang, ni ya Kiniloti. Kihadza cha bonde la Yaeda hakijathibitishwa kuwa na ndugu. Na pembeni kuna majirani wa Kibantu kama Wanyaturu na Warangi. Katika makutano haya Kiswahili ndicho daraja, na wengi hukipata kama lugha ya pili. Msomaji wa eneo hili anapofungua kioo chenye Kiingereza huwa amesogezwa hatua mbili mbali na lugha ya nyumbani kwao.

Tuchukue michoro michache. Gurudumu la meno humaanisha “mipangilio”. Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga ana haki ya kulisoma kuwa “mashine” au “inafanya kazi”. Kigari cha dukani humaanisha ununuzi. Lakini anayefanya manunuzi yake mnadani, ng’ombe huku na mitumba kule, hasukumi kigari. Mchoro wa nyumba yenye paa la kuchongoka humrudisha mtumiaji mwanzo. Nyumba za kale za Wairaqw wa nyanda za juu zilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo. Leo mabati yameenea, na mchoro unatambulika. Hata hivyo, kutambua kwamba hii ni nyumba hakumwambii mtu kwamba akiigusa ataacha alichokuwa akikiandika.

Mfano ulio muhimu zaidi kwa wanaisimu ni wa herufi. Katika maandishi ya Kiiraqw, yaliyotumika pia katika kamusi ya Mous, Qorro na Kiessling ya mwaka 2002, mkwaju ni konsonanti ya kooni. Neno la Kiiraqw kwa mwanamke huandikwa /ameeni. Kwa kompyuta, mkwaju huohuo ni alama ya kutenganisha majalada, na mfumo wa Windows hukataa jina la faili lenye alama hiyo. Mwandishi wa Kiiraqw hukatazwa kuandika herufi ya lugha yake, na ujumbe wa kukatazwa humjia kwa lugha nyingine. Alama ni moja, makubaliano ni mawili, na mwenye nguvu ndiye aliyeamua.

Wala si mara ya kwanza wananchi kutakiwa kusoma picha. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 nchini Tanzania, wagombea wawili wa ubunge katika jimbo walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Alama hizo zilikusudiwa zisiwe na uzito wowote. Lakini wapigakura wakazipa maana, na jembe likaonekana na wengi kuwa na bahati zaidi, kwani katika nchi ya wakulima nani atakataa jembe? Hata picha iliyobuniwa ili isiseme kitu, jamii huisemesha.

5. Kiswahili katika kioo

Tusidhani kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa tafsiri yake baadaye. Istilahi kama kipanya, faili, kiolesura na baobonye zimekuwa katika orodha zetu kwa miaka. Kilichobaki ni kigumu zaidi kuliko kuunda istilahi, nacho kina pande mbili.

Upande wa kwanza ni utata wa kitenzi kifupi. “Hifadhi” ni amri, lakini pia ni nomino, kama katika hifadhi ya taifa. “Funga” yaweza kuwa kufunga dirisha au kufunga kwa ufunguo. Katika sentensi utata huu huondoka wenyewe. Chini ya aikoni, neno likiwa peke yake, hubaki.

Upande wa pili ni upatanisho wa kisarufi. Michezo ya mikakati hutunga taarifa kwa kuchomeka jina katika kiunzi kilichoandaliwa. Kiingereza hutumia kitenzi kilekile kwa kila jina la umoja. Kiswahili hakikubali: meli imeharibiwa, kituo kimeharibiwa, jeshi limeharibiwa, vituo vimeharibiwa. Programu isiyojua ngeli itaandika “kituo imeharibiwa”, na msomaji atacheka kisha atairudia ya Kiingereza. Lugha ikionekana chekeshi katika kioo, wenyewe huanza kuamini kwamba haikuumbiwa kioo. Dawa yake ni kuambatisha ngeli kwa kila jina katika hazina ya programu, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na fundi bila mwanasarufi.

Ushahidi kwamba maneno yanaweza tunao. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, ilienea kwa simu za kawaida zisizo na michoro. Mtumiaji alipewa orodha ya maneno ya Kiswahili yenye namba, akachagua. Mamilioni walijifunza bila kuoneshwa aikoni hata moja.

6. Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza mambo manne. Kwanza, aikoni ipewe jina kwa kazi yake, si kwa sura yake: mwanzo, si nyumba, mipangilio, si gurudumu, hifadhi faili, si diski. Pili, jina liandikwe kando ya mchoro pale nafasi inaporuhusu, na kidokezo kinachojitokeza kiwe sentensi kamili inayosema nini kitatokea. Tatu, istilahi zijaribiwe na watumiaji wa mahali kama Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu kabla ya kusanifishwa, maana istilahi inayoeleweka Dar es Salaam pekee haijasanifiwa bado. Nne, wanafunzi wa isimu wachukue michezo na programu kuwa data halali ya tasnifu, waorodheshe michoro, waulize inavyosomwa, na walinganishe.

Kinachogombewa hapa ni zaidi ya raha ya mchezo. Leo matokeo ya mitihani, bei za mazao, malipo ya hospitali na maombi ya vyuo hupitia kioo. Mwananchi asiyeweza kukisoma huenda kwa kijana wa dukani amsomee, na kumkabidhi namba yake ya siri. Hapo ufiche umegeuka: taarifa imemfichika mwenyewe na kumfunukia jirani. Kiswahili kilishafanya kazi ya kuwaunganisha Wakushi, Waniloti na Wabantu wa nyanda zile pasipo kuhitaji picha. Kikipewa wataalamu wake, kitaweza kuzisemesha na picha zenyewe.