Ubavu wa Tairi na Mashimo ya Kawangware

Asubuhi moja, kabla Barabara ya Naivasha haijafungana kwa matatu za nambari 46, kijana mmoja aliniletea Mercedes C-Class nyeusi, ile ya toleo la W204. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na uvimbe ubavuni, mkubwa kama yai. "Fundi, nimeingia shimo dogo tu, hata sikukanyaga breki," akasema. "Kuna mtumba nimeonyeshwa, saizi ile ile. Nichukue?"

Nilimwambia asichukue. Sababu nilizompa nataka kuziweka hapa, maana magari ya aina hii yamezidi mtaani kwetu. C-Class, BMW 320i na Audi A4, ambazo zamani tulizihesabu zikipita kuelekea Lavington, leo zinalala Gatina na Kabiria. Mtu hujinyima miaka akanunua gari lenye breki nzuri na injini kali, kisha siku ya kununua matairi anatafuta la bei ya chini kuliko yote. Gari hilo halishiki barabara kwa injini wala kwa jina. Chukua gari la kilo 1,500 lenye upepo wa presha 33 (PSI): kila tairi linagusa lami kwa eneo la sentimita 160 hivi za mraba, yaani kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne, basi. Breki zote za Kijerumani zinafanyia kazi hapo.

Tuanze na lile shimo. Tairi la kijana lilikuwa limeandikwa 225/35 R19. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu ukiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 35 ya 225 ni milimita 79. Huo ndio mto wote uliopo kati ya rimu ya aloi na ukingo wa lami iliyomeguka. Tairi likigonga ukingo ule, mpira hubanwa mpaka rimu inagusana na barabara, nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika, na upepo unasukuma mpira nje pale palipokatika. Ndio ule uvimbe. Hauzibiki, hauchomeleki, na unaweza kupasuka wakati wowote. Nikiuona, gari haliondoki na tairi hilo.

Rimu za inchi 19 hazikutoka kiwandani na gari lile. Ziliwekwa na mwenye gari wa kwanza kwa ajili ya sura. Kiwanda kiliuza W204 na matairi ya 225/45 R17, na mengine 205/55 R16. Piga hesabu uone: 225/45 inakupa ubavu wa milimita 101, na 205/55 inakupa karibu 113. Kipenyo cha gurudumu zima hakibadiliki kwa kiasi cha kusumbua, ni milimita 634 kwa lile la 17 na 632 kwa lile la 16, kwa hiyo mita ya spidi haidanganyi. Unachopata ni sentimita mbili hadi tatu zaidi za mpira mahali ambapo shimo linapiga. Ushauri wangu kwa mtu anayekaa Kawangware haujabadilika kwa miaka: teremka hadi rimu ndogo kabisa ambayo kiwanda kiliidhinisha kwa gari lako, mradi breki zinaenea ndani yake. Saizi zilizoidhinishwa zimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi pia kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au nyuma ya kifuniko cha tangi.

Wengi hunipinga hapa. Wanasema tairi pana lenye ubavu mfupi linashika zaidi. Kwenye kona ya lami kavu wana haki kiasi, kwa sababu ubavu mfupi haupindi sana na usukani unajibu haraka. Lakini eneo linalogusa barabara huamuliwa hasa na uzito na upepo, si upana. Tairi pana hubadilisha umbo la kiganja tu, likawa pana na fupi. Na kwenye maji, umbo hilo lina kazi kubwa zaidi ya kupasua njia.

Maji ndiyo mtihani wenyewe wa Nairobi. Mvua za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, hugeuza Waiyaki Way kuwa mfereji kwa dakika chache. Watafiti wa NASA wakichunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 walionyesha kwamba spidi ambayo tairi linaanza kuelea juu ya maji hutegemea upepo uliomo ndani. Ukitumia kanuni yao, tairi kipara lenye presha 33 huelea kwenye maji ya kina kwa takriban kilomita 95 kwa saa. Lipunguze hadi presha 25, litaelea kwa 83. Tairi lenye meno marefu huvumilia zaidi kwa kuwa maji yana mifereji ya kupitia. Tairi jipya huwa na meno ya milimita 8 hivi, na zile alama ndogo ndani ya mifereji husawazika na meno yakibaki milimita 1.6. Mimi singoji zisawazike. Gari lenye nguvu namshauri mwenyewe abadilishe yakifika 3, na apime upepo kila baada ya wiki mbili, asubuhi, tairi likiwa baridi.

Sasa ule mtumba. Niliugeuza, nikamwonyesha kijana maandishi ubavuni: STUDLESS, na kando yake kichoro cha mlima wenye theluji. Hilo ni tairi la majira ya baridi ya Japani. Mpira wake umechanganywa uwe laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Nairobi yenye jua la mchana hulegea, huyumba kwenye kona, huisha upesi, na breki huchukua nafasi ndefu zaidi. Ukimsikia muuzaji akiusifu kwamba "bado una meno mengi", ujue kweli unayo, lakini yalichongwa kwa ajili ya theluji. Tairi linalotufaa ni la kiangazi, la lami. Mpira wake huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na hapa kwetu hata asubuhi ya Julai ni nadra kufika huko.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. Ule mtumba ulikuwa na 3114, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata bila kutumika. Jua na hewa huukausha mpaka unapata nyufa ndogo kati ya meno. BMW hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita hata kama meno yapo. Kumbuka pia kwamba Kenya inakubali kuingiza magari ya mtumba yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo gari ulilolitoa Mombasa jana laweza kuwa limekuja na matairi yaliyokwisha muda wake. Hata tairi jipya lisomwe tarehe. Tangu Sameer Africa ilipofunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016, kile kilichokuwa kikitengeneza Yana, matairi mapya tunayonunua yamesafiri kwa meli na kulala ghalani kabla ya kufika dukani. Likizidi miaka miwili tangu kutengenezwa, mimi nalirudisha.

Baada ya saizi huja kitu kama 91W. Namba 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615, na W ni spidi ya kilomita 270 kwa saa. Najua sheria yetu inaishia 110. Lakini herufi hiyo hupima uwezo wa tairi kuhimili joto, na joto hilo utalikuta ukiwa na abiria wanne, mizigo na upepo pungufu ukielekea Nakuru. Usishuke chini ya herufi ya kiwanda. Kupanda juu yake hakukuongezei kitu. Ukipata la XL, lenye 94 badala ya 91, ni heri zaidi kwa anayebeba familia.

Wenye BMW zilizokuja na ran-flati wanajua gari halina spea. Tairi hilo hutembea kilomita 80 hivi bila upepo kwa spidi isiyozidi 80, lakini ubavu wake ni mgumu na shimo unalisikia mgongoni. Ukihamia tairi la kawaida, nunua spea na jeki siku hiyo hiyo.

Pesa ikitosha matairi mawili tu, yawe ya aina moja, na yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hilo halilikubali: linataka manne yaliyolingana. Na mtu asikuuzie tairi kipara lililochongwa meno upya kwa kisu. Mifereji mipya imekatwa karibu na nyuzi, na nyuzi ndizo zinazoshikilia tairi lote.

Kijana aliuza rimu zake za 19, akaongeza kidogo, akaondoka na za 17 zenye matairi mapya ya tarehe nzuri. Nawe jioni hii chukua tochi, uchuchumae kando ya gari lako na usome tarakimu nne za kila tairi, la akiba pia.