Kabla Ununue AC Nakuru, Zuia Jua Kwanza

Ukipita Kenyatta Avenue hapa Nakuru mwezi wa pili, mida ya saa tisa alasiri, hebu inua macho kidogo. Majengo mapya yamevaa vioo kutoka juu hadi chini. Kando ya madirisha kuna masanduku meupe yananguruma, na mengine yanadondoshea maji watu wanaopita chini. Hizo ndizo AC, au viyoyozi kwa Kiswahili cha shule. Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 1, 2021, kila mwenye biashara anataka yake ing'are, na AC ukutani imekuwa kama cheti cha kuonyesha kwamba umefika.

Mimi sina ubaya na AC. Shida yangu ni vile tunazinunua, na najua hilo kwa sababu liliwapata watu wangu.

Marafiki zangu watatu walifungua saiba ya gemu kwenye orofa ya tatu, katikati ya mji. Kompyuta 10 za nguvu, viti vya kuzunguka, taa za rangi, kila kitu. Pesa zilikuwa za chama, zile za kuweka kidogo kidogo kila wiki kwa karibu miaka miwili. Chumba kilikuwa kizuri, ila dirisha lake kubwa liliangalia magharibi. Kufikia saa nane mchana, mle ndani ungedhani uko ndani ya matatu iliyoegeshwa juani. Wateja walicheza nusu saa, wakatoka wakijifuta jasho, wakapotea.

Basi wakachanga tena, wakanunua AC ya mtumba, BTU 24,000. Muuzaji aliwaambia hiyo ni kubwa, itawatosha na kubaki. Haikutosha. Ilinguruma kutwa bila kupumzika, chumba bado kilikuwa na vuguvugu, na tokeni za stima zikawa zinaisha kama bando za bei ya chini. Mwezi wa tatu walikaa kikao cha kuamua kama watafunga.

Kabla hawajafunga, waliita fundi mmoja mzee. Aliingia, akasimama karibu na dirisha, akaweka mkono kwenye kioo, akacheka kidogo. "Kijana wangu," akamwambia mmoja wao, "hii AC haina makosa. Nyinyi ndio mmeibebesha mzigo wa punda wawili."

Nilikuwa nimekaa pale kwenye kona. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini siku hiyo nilipata somo la bure, na ndilo nataka ulisikie kabla hujatoa pesa yako.

Hesabu ya joto

AC haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Kwa hivyo swali la kwanza si "ninunue gani?" Swali ni "joto langu linatoka wapi, na ni kiasi gani?"

Fundi alichukua kalamu, akaandika hivi. Mtu mmoja aliyekaa hutoa joto la karibu wati 100. Watu 15 ni wati 1,500. Kompyuta ya gemu inapofanya kazi, tuseme wati 250, kwa hivyo 10 ni wati 2,500. Halafu dirisha. Mita moja ya mraba ya kioo kitupu ikipigwa na jua moja kwa moja inaweza kuingiza zaidi ya wati 400. Lile dirisha lao lilikuwa na mita 6 za mraba, kwa hivyo wati 2,400. Jumla, wati 6,400.

Sasa ile AC. BTU 12,000 kwa saa ndiyo watu wa AC huita tani moja. Jina hilo limetoka zamani za barafu: ni nguvu ya kuyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24, kwa kipimo cha tani ya Wamarekani. Kwa stima ni kama wati 3,500. BTU 24,000 ni tani mbili, yaani wati 7,000 hivi. Kwenye karatasi inatosha, si ndio?

Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, juu hata kuliko Nairobi. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni inazunguka vilevile lakini hewa inayobebwa ni kidogo, kwa hivyo mashine inapoteza nguvu. Fundi alisema huwa anakata asilimia 10 kabla ya kuanza hesabu yoyote ya huku kwetu. Wati 7,000 zikabaki 6,300. Joto 6,400, nguvu 6,300. Ndiyo maana mashine haikupumzika hata dakika moja.

Muuzaji angewaambia wanunue kubwa zaidi. Fundi aliwaambia wazibe jua.

Jua la ikweta lina tabia yake

Sisi wa Nakuru tuko karibu sana na ikweta. Ukichukua barabara ya kwenda Baringo, unaivuka pale Mogotio, na kuna kibao kabisa. Maana yake ni kwamba jua letu huchomoza mashariki, hupita karibu utosini, na hutua magharibi, mwaka mzima bila mabadiliko makubwa. Ukuta wa kaskazini au kusini unalindwa na kibaraza kidogo tu. Lakini ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri unapigwa na jua lililoinama, linaloingia hadi miguuni mwako.

Kwa hivyo kama unatafuta chumba cha biashara, nenda nacho kwa macho mara mbili: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kodi ya chumba cha magharibi inaweza kuwa nafuu, lakini tofauti utailipa kwa stima.

Na kivuli kiwe nje ya kioo, si ndani. Pazia la ndani linasaidia, lakini joto tayari limeingia na litabaki nawe. Wale marafiki zangu waliomba ruhusa ya landlodi, wakaweka fremu ya chuma nje na kuivisha neti nyeusi ya kivuli, ile unayoiona kwenye vitalu vya miche. Joto la dirisha lilishuka kutoka wati 2,400 hadi karibu 600 kwa makadirio ya fundi. Jumla ikawa 4,600. Ghafla, AC ya BTU 18,000, ambayo hata ukikata asilimia 10 inabaki na wati 4,700 hivi, ikawa inatosha.

Hewa ya Nakuru ni mali

Kuna jambo lingine tunalosahau. Usiku hapa baridi hushuka hadi nyuzi 10 na kitu. Asubuhi unavaa koti, mchana unalivua. Jengo zito la mawe au saruji likifunguliwa usiku linapoa, na mchana linachelewa kupata joto. Mbinu hii si ndoto. Ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, Nairobi, zilizofunguliwa mwaka wa 2011, zilijengwa zipate hewa na mwanga wa kawaida katikati ya jengo, bila AC kwenye meza za wafanyakazi. Kule Harare, jengo la Eastgate la mwaka wa 1996, kazi ya msanifu Mick Pearce, hupitisha hewa baridi ya usiku ndani ya saruji yake. Harare na Nairobi ni miji ya nyanda za juu, kama sisi tu.

Kwa hivyo ofisi ya watu watano pale Section 58 au Milimani, yenye madirisha pande mbili, huenda inahitaji feni ya dari na nidhamu ya kufungua dirisha. Basi. Lakini usinielewe vibaya. Chumba cha seva, duka la dawa zinazoharibika kwa joto, ukumbi uliojaa watu, jimu, au chumba cha kati kisicho na dirisha: hapo AC ni kifaa cha kazi. Na ukiteremka Marigat, kiwango cha bonde ni kingine na joto ni lingine, kwa hivyo usichukue hesabu ya Nakuru ukaipeleka Baringo.

Chagua aina, si saizi tu

Ya ukutani, yenye kipande kimoja ndani na kingine nje, inafaa chumba kimoja. Ya kufichwa kwenye dari husambaza hewa pande nne na inafaa duka au ukumbi wa wastani. Kama wewe ndiye mwenye jengo la orofa nyingi, uliza kuhusu mfumo wa mashine moja kubwa ya nje inayolisha vyumba vingi, kila chumba kikijipimia. Bei yake ya kwanza ni kubwa, ila hautaona masanduku 30 yakining'inia ukutani. Kubaliana mapema na wapangaji nani analipa stima ya nini. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kuna pia ile mashine ya kupoza kwa maji, inayopitisha hewa kwenye pedi mbichi. Miezi ya ukavu hapa kwetu inafanya kazi vizuri na inakula stima kidogo sana. Lakini lazima uache dirisha wazi, na wakati wa mvua inazidisha tu unyevu. Maji ya visima vya Bonde la Ufa pia yana madini mengi, pedi zitaota magamba usipozisafisha.

Na hili wengi hawajui: AC ya kawaida ya ukutani haileti hewa mpya. Inazungusha ileile mliyopumua. Ukifunga watu 15 humo, wataanza kupiga miayo, na si kwa sababu gemu inaboa. Lazima kuwe na tundu au feni ya kuleta hewa kutoka nje.

Maswali ya kumbana muuzaji

Moja, ni inveta? Ile ya zamani ina gia mbili tu: nguvu zote au kuzima. Inveta hupunguza mwendo chumba kikipoa. Tufanye hesabu. Ile ya mtumba ilivuta kama kilowati 2.2. Saa 10 kwa siku, siku 26, ni yuniti 572. Tukiweka mfano wa shilingi 28 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 16,016 kwa mwezi. Inveta ya BTU 18,000 ikivuta wastani wa kilowati 0.9 kwa saa 5 za jua kali, ni yuniti 117, kama shilingi 3,276. Weka bei ya risiti yako ya tokeni uone mwenyewe.

Mbili, kibandiko cha nyota kiko wapi? Kenya ina sheria ya vibandiko vya matumizi ya nishati, chini ya mamlaka ya EPRA. Nyota nyingi, stima kidogo.

Tatu, inatumia gesi gani? R-22 ya mashine nyingi za mtumba huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi kama Kenya zinatakiwa kuwa zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030. Ukinunua leo, kesho utatafuta gesi kwa tochi. R-32 huchangia joto la dunia kwa chini ya theluthi moja ya R-410A, ila inaweza kushika moto kiasi, kwa hivyo afunge fundi aliyesomea. Mwulize cheti chake bila kuona haya.

Nne, nani atasafisha? Jina Nakuru lenyewe linahusishwa na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na ukiwa hapa Januari hauhitaji kuelezwa kwa nini. Kichujio kikiziba, AC inapumua kwa shida na bili inapanda. Kioshe kila wiki mbili msimu wa ukavu. Ni kazi ya dakika 10 na maji ya bomba.

Wale marafiki zangu waliuza ile ya mtumba kwa hasara, wakanunua inveta ya BTU 18,000 na feni ya kuleta hewa. Asubuhi hawaiwashi kabisa, wanafungua madirisha. Saa saba ndiyo inaanza, saa kumi na mbili inazimwa. Saiba bado iko wazi, na chama kimeanza kurudishiwa pesa zake.

Kwa hivyo wewe uliye na kotesheni mfukoni sasa hivi, usiweke sahihi leo. Nenda kwenye hicho chumba kesho saa tisa alasiri, weka mkono kwenye kioo, uhesabu watu na mashine. Ukishajua joto lako linatoka wapi, ndipo umpigie muuzaji simu.